Maji ya Kunde, Si Majivu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limepunguza ubishi unapopanda ngazi. Huku tupo. Kaka anakohoa tangu mvua zianze na hataki kwenda kupimwa, anasema ni vumbi, wakati vumbi lote limeshageuka tope. Shangazi anakusalimia sana, na kila tukionana anauliza kama umepiga simu. Mwanzoni nilimjibu kwamba kazi zimekuzidi. Sasa namjibu hivyo hivyo hata kabla hajamaliza kuuliza.

Mimi afya yangu si mbaya, ila nimechoka. Sisemi uchovu ule wa kulala ukaamka umeisha. Macho yananiuma kutwa kwa kukodolea kioo cha kompyuta, na nikiyafumba bado naviona vile vijisanduku vya rangi vimejipanga. Hata chai nikimiminiwa naitazama kwanza, nikijiuliza wekundu wake umezidi au umepungua. Ungenikuta ungenicheka, na ningependa sana unikute ili unicheke.

Utashangaa kupata barua ya karatasi, tena kwa huu mwandiko wangu uliokuwa ukiuita nyayo za kuku. Lakini simu zangu hupokei, na ujumbe ninaokutumia naona umeusoma, zile alama mbili zinageuka rangi, halafu kimya. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Wino ukishakauka kwenye karatasi hakuna simu ya kuubadilisha njiani. Naomba usome mpaka mwisho. Katika ujumbe wako wa sauti, ule wa mwisho kabla hujajitoa kwenye kundi la familia, uliniuliza rangi ile ya mama nimeitoa wapi. Wenzetu walidhani ni hasira tu. Mimi najua lilikuwa swali, na jibu lipo, na nitakupa. Ila acha kwanza nikueleze mambo yalivyokwenda mrama, maana bila hilo jibu lenyewe hutaliamini.

Unajua mama ndiye aliyetaka achorwe. Alikuwa bado anaweza kukaa kitandani kwa kuegemea mito. Aliomba kioo nikampa, akajitazama, akanirudishia. Akasema huyo aliyemwona humo hamfahamu, na nisithubutu kuwaachia wajukuu huyo awe ndiye bibi yao. Alitaka nimchore katika lile gauni la damu ya mzee ulilomshonea wewe, na uso wake wa siku zile alipokuwa akitufukuza na fagio. Nikamwahidi. Picha zake za zamani unazijua: za kwenye albamu zimepauka mpaka watu wote humo wamekuwa rangi ya boksi, na za kwenye simu zote kapigwa chini ya taa, uso wa manjano. Sura niliipata. Rangi ndiyo ilikuwa mtihani.

Nilimchora kazini, wakati wenzangu wanakwenda kula. Hujafika pale tangu tuhamie, basi nikueleze. Chumba kiko juu kabisa, kuta zimepakwa kijivu kwa makusudi na pazia halifunguliwi mchana, ili jua lisiwadanganye wanaotazama rangi. Mgeni akiingia hudhani tumefilisika. Tunatengeneza majalada ya vitabu, maboksi ya dawa na karatasi za sabuni. Msimamizi wetu tunamwita Mzee Wino, kwa sababu vidole vyake havijawahi kutakata, na amepiga marufuku mtu kuvaa shati jekundu karibu na kile kioo kikubwa cha kompyuta, eti wekundu unarukia picha. Nilidhani ni ubabe wa ukubwa mpaka nilipolivaa mwenyewe nikaona. Basi mama nilimchora kwenye kioo hicho, nikiwa na shati la kijivu, na pale alitoka vizuri. Naapa, alitoka mwenyewe. Nilipomaliza lile shavu la kushoto niliweka kalamu chini nikashindwa kula.

Sasa kosa lenyewe. Kuna kitu tunakiita wasifu wa rangi, na usilicheke jina. Picha ya kompyuta, dada, ndani yake haina rangi, ina namba tu. Namba hizo hazisemi kitu mpaka ziwe na maelezo ya kusafiri nazo, yanayokiambia kioo kwamba namba hii, kwangu mimi, ni wekundu wa kiasi hiki, na hii ni weusi wa kiasi kile. Maelezo hayo ndiyo wasifu. Ni kama ule wasifu wa mama aliousoma kaka siku ya maziko. Mpita njia asiyeusikia angeona sanduku tu linashushwa.

Sisi wa uchapishaji tunatumia wasifu mpana, wenye rangi ambazo simu nyingi hazizijui. Mtandaoni kuna mwingine, mwembamba, unaoeleweka karibu kila mahali. Ukitaka kuipeleka picha mtandaoni unaihamisha kwanza, namba zote zihesabiwe upya kutoka ule mpana kwenda huu mwembamba, kisha unaambatisha maelezo yake iende nayo. Ni kazi ya kubonyeza tu. Nimeifanya kwa sabuni, kwa dawa za minyoo, kwa vitabu vya watoto wa watu. Kwa mama yangu mzazi sikuifanya. Kaka alikuwa ananipigia kila mara, ule ukurasa wa kumbukumbu unafunguliwa leo, picha iko wapi, watu wanasubiri. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Nikatoa picha kama ilivyokuwa, na ile alama ya kuambatisha wasifu ilikuwa imeondolewa na wenzangu zamani, ili mafaili yawe mepesi. Kwenye kioo changu aliendelea kunitazama vizuri vile vile, maana programu ilikuwa bado inamjua. Nikazima mashine nikaenda nyumbani.

Huko kwenye simu zenu namba zilifika peke yake, bila wa kuzieleza. Kila simu ikazisoma kama namba za ule wasifu mwembamba. Zikisomwa hivyo wekundu unakufa, ngozi inaingia kijivu. Gauni la damu ya mzee likawa tope. Nilifungua ukurasa nikiwa barabarani, nasubiri kuvuka, na nilimwona mama kama alivyokuwa asubuhi ile tuliyomfunika. Nilisimama hapo mpaka mtu mmoja akaniuliza kama ninavuka au sivuki.

Wewe ulikuwa wa kwanza kuandika. Uliandika kwamba mama alikuwa maji ya kunde, na huyu ni majivu. Maneno yako yalinichoma, na bado nikasema moyoni kwamba dada yangu angekuwa mtunzi.

Laiti ningetulia hapo nikatafuta chanzo. Lakini nilikuwa na haraka ya kukuridhisha. Nikaiweka simu kando ya kioo, nikawa namtazama mama wa kwenye simu huku nikimtia rangi mama wa kwenye kompyuta, naongeza wekundu, naongeza manjano, mpaka yule wa kwenye simu akapata nafuu. Kisha nikakumbuka ile alama, nikairudisha, nikamtuma na wasifu wake. Safari hii simu zinazojua kusoma wasifu zikausoma, zikaongeza rangi juu ya rangi niliyokwisha kuongeza. Shangazi, ambaye simu yake ni ya zamani na haisomi chochote, alisema sasa ndiye. Kaka aliniuliza kama mama amepakwa karoti. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaiweka simu kando, maana na yeye ni mamaye.

Simu yako ni mpya. Najua ulichokiona.

Ndipo ukatuma ule ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ilivyo busara. Ulisema kwanza nimekuchorea maiti na sasa nimekuchorea kinyago. Ulisema nilifanya makusudi, kwamba ile picha ya kijivu ilikuwa ni ya kukukumbusha kwamba wakati mama anakuwa wa rangi hiyo wewe hukuwapo. Ukauliza rangi ile nimeitoa wapi. Ukasema nyumba ya mama tuifungue na kuigawa wenyewe, wewe usihesabiwe. Kisha ukatoka kwenye kundi, na kaka akabaki ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekufungulia mlango utoke.

Hilo la makusudi limenikaa kooni mpaka leo. Sikufanya makusudi, dada. Kama ningetaka kukusema ningekusema. Tangu utotoni umeniita Kifuniko kwa sababu nilikufuata kila mahali kama kifuniko na chungu chake, na kifuniko kikianguka hakianguki kimya. Hasira nilikuwa nazo, sitakudanganya. Zipo zilizobaki. Nilikuwa na hasira nilipokuwa nabadilisha mashuka peke yangu huku wewe unapiga simu kuuliza kama amekula. Lakini hasira hizo sikuzitia kwenye picha. Kwenye picha nilitia kila kitu isipokuwa hizo.

Baada ya wewe kutoka nilimwendea Mzee Wino nikamweleza. Hakunihubiria. Alivuta kiti akakaa kando yangu, tukafungua lile faili la kwanza kabisa, lile nililolitoa kwenye kioo kikubwa kabla sijaanza kulichezea. Aliniuliza kama nataka kulihamisha au kulibadilisha jina tu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujikwaa: unaweza kuipa picha jina la wasifu mwingine bila kuzihesabu upya namba zake, na ukadhani umefanya kazi. Nikasema kulihamisha. Tukahamisha. Wekundu fulani wa pindo la gauni ulikataa kuingia kwenye wasifu mwembamba, ikabidi niupunguze kidogo kidogo kwa mkono ili usigeuke doa. Nikaambatisha maelezo. Nikapeleka picha kwenye ukurasa, nikaifungua kwenye simu ya kaka yenye kioo kilichopasuka, kwenye ya shangazi, kwenye ya Mzee Wino na kwenye kompyuta ya duka la vitabu lililo chini yetu. Hazikufanana kabisa. Hazitafanana kamwe, hata mbili za aina moja. Lakini katika zote alikuwa mama, na katika zote gauni lilikuwa damu ya mzee. Mzee Wino alilitazama lile shavu kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama ni picha ya yule dada yangu aliyefika msibani.

Nilijifanya natafuta kalamu.

Sasa nakuja kwenye swali lako, na hapa sina tena la kuzungukia. Nilikwambia rangi ilikuwa mtihani. Kila niliyemuuliza mama alikuwa wa rangi gani alipokuwa na nguvu alinijibu maji ya kunde, kama wewe, kama vile ni rangi inayouzwa kwenye kopo. Nikauliza maji ya kunde yapi, ya kuchemka mara ya kwanza au ya kulala kwenye sufuria? Hakuna aliyejua. Basi siku moja, mama akiwa bado hai, nilichemsha kunde jikoni kwake, nikachuja maji, nikayamimina kwenye bakuli jeupe nikalileta chumbani, nikaliweka dirishani karibu na kitanda ili niyatazame kwa mwanga wa mchana. Nilikuwa nachungulia bakuli, natazama uso wake, narudi kwenye bakuli. Aliniuliza nafanya nini. Nilipomweleza alicheka, dada. Alicheka cheko lile la zamani la kupiga goti, ingawa goti alilipiga kwa vidole tu. Akasema nimemharibia kunde zake bure. Akasema rangi yake haimo kwenye sufuria, kwamba uliichukua wewe siku uliyozaliwa, yote, hukumwachia hata ya akiba, na kwamba yeye hajawahi kuidai. Akasema nikamtazame dada yangu. Nikasema dada yangu yuko mbali. Akasema basi nitazame picha yake, maana mbali si upofu. Kisha akafumba macho akalala.

Ninayo picha yako ile niliyokupiga ulipokuja mara ya mwisho kabla ya msiba, umekaa karibu na dirisha la jikoni unamenya vitunguu, unanikataza nisikupige. Mwanga ulikuwa mzuri, hakuna taa iliyowashwa. Kwenye programu kuna kalamu moja ambayo ukiigusisha mahali inanyonya rangi ya hapo, unaenda kuipaka unapotaka. Niligusa shavu lako la kushoto. Nikalipaka la mama. Nikagusa paji lako, nikagusa kivuli kilicho chini ya kidevu chako, nikagusa masikio. Ngozi yote ile, kuanzia uso mpaka vidole, ni yako. Uliposema huyo si mama, na kwamba amekuwa majivu, ulikuwa unaitazama rangi yako mwenyewe iliyotupwa barabarani bila maelezo.

Kwa nini sikukwambia mapema? Kwa sababu niliona wivu. Nasema wazi. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza na kumwosha, mimi ndiye niliyejua anataka mto wa upande gani, na nilipouliza anafananaje alinielekeza kwako. Nilichora huku nimenuna. Nilimaliza nimenuna. Ilinichukua muda kuona kwamba hakuwa ananipima na wewe, alikuwa ananijibu tu nilichouliza.

Na lipo jingine, hili sijamwambia mtu, hata kaka. Siku zile za mwisho, kabla hajakata kauli, mama alikuwa haoni vizuri. Nikimpaka mafuta miguuni alikuwa ananiita kwa jina lako. Mwanzoni nilimsahihisha, nikamwambia ni mimi, ni Kifuniko. Alikuwa anasema sawa, halafu baada ya kitambo ananiita wewe tena. Nikaacha kumsahihisha. Nikawa naitika. Alinisimulia mambo yenu ya zamani ambayo mimi sikuwa nimezaliwa, nami nikaitikia kama nayakumbuka. Asubuhi ile ya mwisho alinishika mkono, akauliza ni wewe, nikasema ndiyo, mama, ni mimi. Akauminya. Hakuuliza tena.

Kwa hiyo usiseme hukuwapo, dada. Ulikuwapo. Mimi nilikuitikia.

Kama una hasira kwa hilo pia, nitaipokea. Sikuiba mahali pako, nilikushikia tu, na sasa nimechoka kukushikia na ningependa uje ukishike mwenyewe kilichobaki. Nyumba bado hatujaigusa. Gauni liko palepale nyuma ya mlango, na kaka ameapa hatalikunja mtu mpaka uje.

Naomba jambo moja dogo. Picha sahihi iko kwenye ule ukurasa wa kumbukumbu. Ifungue huko huko, usiitazame ile ya kwenye kundi, kule picha huwa zinabanwa na kuharibika. Izime ile rangi ya manjano ya kupumzisha macho uliyoiweka kwenye simu. Nenda dirishani mchana, pasipo na jua la moja kwa moja, ongeza mwanga wa kioo, kisha laza mkono wako kando ya uso wake. Utazame bila haraka. Kama havifanani, basi nimekosea tena, nipigie unitukane nami nitaanza upya. Na kama vinafanana, nipigie pia.

Msalimie shemeji, mwambie koti lake alilolisahau msibani ninalo. Wabusu watoto, waambie mama yao mdogo anawakumbuka na kwamba akija atawachora wote, ila wavae nguo za kijivu. Kaka anakusalimia, na shangazi, na hata Mzee Wino, ambaye hakujui isipokuwa kwa rangi.

Nakutakia afya njema na goti lenye adabu. Simu yangu nimeiacha wazi.

Ni mimi mdogo wako, ninayeitika,

Kifuniko